Unyayo wa Wiki ya Ishirini na Mbili

Hakuna anayeingia na saa katika Nyumba ya Kuonea. Unaivua mlangoni, unaiweka kwenye sinia la plastiki pamoja na pete, funguo, pini za ushungi, na hata jino la bandia kama lina waya, kisha unaingia ukiwa mtu asiye na wakati. Ndani mna Sumaku, mashine ya kupiga picha za tumboni, na Sumaku haina utani na chuma. Watu wa mji ule walipenda kusema kwamba inakula saa. Uongo mtupu, watu wanapenda kutia chumvi. Inazisimamisha tu, na saa iliyosimama unaweza kuivaa tena ukajidanganya siku nzima kwamba ni adhuhuri. Usiniulize ni mji gani. Haukuwa na jina, na wenyewe hawakuona kasoro yoyote, kwa sababu walikuwa na kitu walichokiona bora kuliko jina: walikuwa na hesabu. Kila mtu alihesabiwa kwa wiki, tangu hajazaliwa hadi anafukiwa, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua asome nini, aolewe lini, na kama azaliwe au asizaliwe.

Hesabu za mwanzo kabisa, zile za tumboni, zilikuwa mikononi mwa Daktari Zamda. Mwembamba, mkavu wa maneno, miwani yake ya plastiki, vifungo vya koti lake vya plastiki, na wenye midomo yao walisema hata moyo. Hapo walimwonea. Moyo alikuwa nao, ila aliuvua mlangoni pamoja na saa, na jioni nyingine alitoka akasahau kuuchukua. Alikuwa ametimiza wiki elfu tatu na mia moja za umri wake, na nusu ya hizo alizimaliza akitazama bongo za watoto ambao bado hawajaja duniani.

Kazi yake kubwa iliitwa Ramani Kuu. Ilikuwa ukutani, katika ujia mrefu wa nyumba ile, picha moja kwa kila wiki ya mimba, kuanzia ya kumi na nane kule mwisho kwenye kiza hadi ya arobaini karibu na mlango wa nje. Ubongo wa mtoto tumboni huanza laini kama ini la kuku. Wiki zinavyokwenda unachora mstari, kisha bonde, kisha mabonde, mpaka ile ya arobaini unakuwa mikunjo mitupu kama khanga iliyokamuliwa na kuachwa kwenye beseni. Zamda alichukua watoto mia nne, akawachanganya wa wiki moja na wenzao wa wiki hiyo hiyo, akapata, kwa kila wiki, sura moja isiyo ya mtoto yeyote. Sura hiyo ndiyo iliyopimiwa wengine wote. Ukifanana nayo, karibu duniani. Usipofanana, mama yako anaitwa kwenye chumba kidogo chenye kiti kimoja na kitambaa cha kufutia machozi.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kustaafu kwake. Wageni walikuwa wamekwisha jaa kule mlango wa arobaini, soda mkononi, sambusa zinapoa. Baraza la mji lilikuwa limekubali jina lake liandikwe chini ya Ramani Kuu, kwa herufi za kuchongwa, jambo ambalo halikuwahi kufanyiwa mtu aliye hai. Kilichobaki ni yeye kutia sahihi mara mbili: moja kupokea heshima, na nyingine kwenye karatasi aliyokuja nayo Ngwali.

Ngwali ndiye aliyekuwa akiiendesha Sumaku tangu siku ya kwanza. Mzee mfupi, mbishi, sauti yake wanaijua wanawake wote wa mji kwa sababu ndiyo waliyoisikia wakiwa wamelazwa ubavu wa kushoto ndani ya lile bomba linalogonga, ikiwaambia tulia mama, bado kidogo, tulia. Karatasi yake ilihusu Kabati la Waliotikisika. Nikueleze hilo, maana ndilo lililoleta yote.

Mtoto tumboni hatulii. Unampiga picha vipande vipande, vyembamba kama vya mkate, na yeye katikati ya kazi anajigeuza, anarusha mguu, anakunja mgongo. Vipande alivyotikisika vinatoka ukungu, na ukungu haufai ramani. Kwa hiyo vilitolewa, na vile vilivyobaki vikakatwa kichwa peke yake, mikono na miguu na vidole vikaenda zake. Takataka zote hizo zilitiwa kwenye kabati moja chini ya ngazi. Kanuni ilisema zichomwe. Ngwali hakuchoma hata kipande kimoja. Alipoulizwa miaka ile alisema kiberiti kimelowa, na baadaye hawakumuuliza tena. Sasa, daktari anaondoka, kabati lilitakiwa liteketezwe, na sharti sahihi iwe ya aliyezitupa.

Zamda alishika kalamu. Akainua macho kutafuta pa kuegemeza karatasi, na hapo akamwona Bi Havijawa amekaa kwenye benchi.

Alikuwa amesahau kwamba ni leo. Kila baada ya wiki hamsini na mbili, siku ile ile, mwanamke huyu alikuja akakaa kwenye benchi la ujia, mikono mapajani, hana fujo, hana machozi, akasubiri mpaka daktari apite. Akipita alimuuliza swali moja, na ni hilo hilo kwa miaka ishirini na mitano. Alisema, "Daktari, mwanangu alikuwa anacheza. Asiyejua kitu anachezaje?" Na Zamda, kila mwaka, alimjibu kwa upole wa mtu mwenye haraka kwamba kucheza ni mishipa tu, mama, hata mguu wa kuku aliyechinjwa unacheza. Jibu hilo la kuku lilimtoka mwaka wa kwanza, na kwa kuwa Havijawa aliinamisha kichwa na kuondoka, likageuka desturi. Loo, mtu anaweza kusema neno moja la kijinga na kulirudia miaka ishirini na mitano kwa sababu limefanya kazi.

Mtoto wa Havijawa alikuwa namba mia mbili kumi na tisa. Fomu ilisema wiki thelathini. Picha ilionyesha ubongo mdogo, laini, bila bonde lolote, wakati mtoto wa wiki thelathini anatakiwa awe na mabonde ya kutosha. Zamda alikuwa kijana wakati huo na hakuwa amewahi kuona ulaini wa namba hiyo katika wiki kubwa namna ile. Alimwita Havijawa kwenye chumba cha kiti kimoja, akamwambia kwamba mtoto huyu hatakaa, hatasema, hatamjua mama yake. Havijawa aliuliza kama kuna dawa. Hakuna. Baraza lilikuwa na utaratibu wake kwa watoto laini, na siku tatu baadaye mimba ikatolewa. Picha ya mia mbili kumi na tisa ilikuwa safi mno, kwa hiyo ilifanywa mfano. Ikatundikwa pembeni ya fremu ya thelathini, kwenye fremu yake ndogo nyeusi, na chini yake pakaandikwa: Laini. Tangu siku hiyo kila daktari aliyepata shaka alikwenda kumtazama huyo kwanza.

Havijawa hakuzaa tena. Mumewe alitaka, yeye akakataa, kwa sababu aliamini tumbo lake ndilo linalolainisha watoto. Mume akaoa kwingine. Hayo Zamda alikuwa akiyajua, kwa sababu mji ule haukuwa na jina lakini habari zilikuwa zikitembea.

Sasa basi, kalamu mkononi, aliona mwanamke yule amezeeka. Ushungi uleule, au mwingine uliofanana nao. Na kwa mara ya kwanza, pengine kwa sababu ni siku ya mwisho na mtu siku ya mwisho anakuwa mwepesi kidogo, swali lile lilimwingia badala ya kumpita. Anachezaje. Alimuuliza Ngwali kama anamkumbuka mia mbili kumi na tisa.

Ngwali alicheka kwa pua. Alisema atamsahauje, yule ndiye aliyemtoa jasho. Wanawake wote waliambiwa wasinywe chai ya sukari kabla ya kuingia, kwa sababu sukari inampandisha mtoto shetani, na huyu bibi alikuja amekunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa na kula chapati, eti alikuwa na njaa ya kunyonyesha. Mtoto alicheza ngoma mle ndani mpaka vipande vikatupwa arobaini kwa kila kimoja kilichofaa.

"Njaa ya nini?" Zamda aliuliza.

"Ya kunyonyesha. Si alikuwa ana mtoto ziwani? Kifuani maziwa yamemtapakaa, nikampa taulo."

Zamda aliirudisha kalamu mfukoni. Akamwomba Ngwali ufunguo wa kabati, naye Ngwali akautoa haraka sana, kama mtu aliyekuwa ameushika tayari kwa miaka.

Alishuka. Chini ya ngazi palikuwa padogo kwa nje na hapana mwisho kwa ndani. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa, usishangae. Rafu zilikwenda mpaka jicho likachoka, na kwenye rafu walikuwapo wote waliotikisika: vigoti, viwiko, viganja vilivyofunguka nusu, migongo yenye pingili ndogo, ukungu wa vichwa vinavyogeuka kukwepa kutazamwa. Zamda alipita katikati yao na alihisi kwamba wanampisha. Kule juu, ukutani, alikuwa na watoto mia nne waliotulia. Huku chini walikuwa wale wale mia nne, wakiwa hai.

Alimpata mia mbili kumi na tisa. Vipande vilikuwa vingi kweli, ukungu mtupu, na katikati ya ukungu kimoja kilichotoka safi upande mmoja tu, kwa bahati, pale mtoto aliporusha teke na mguu ukasimama mbele ya jicho la Sumaku nukta moja kabla ya kurudi. Unyayo. Kisigino, upinde, vidole vitano vilivyotanuka. Pembeni palikuwa na mstari wa kupimia, kama ilivyo kwenye picha zote, na Zamda aliupima bila hata kufikiri, kwa mazoea ya mkono.

Sentimita nne.

Alipima tena. Nne. Unyayo wa mtoto wa wiki thelathini unakaribia sita. Hata mwanafunzi anajua hilo, na unyayo hauna ubongo wa kuugua, unakua tu kwa wakati wake. Sentimita nne ni mtoto wa wiki ishirini na mbili. Na mtoto wa wiki ishirini na mbili, jamani, mtoto wa wiki ishirini na mbili ubongo wake ni mdogo na ni laini. Wote ni laini. Mimi nilikuwa laini, nawe ulikuwa laini.

Alikaa chini kwenye sakafu. Nayasema maneno yake yalivyomtoka, hayakuwa na mpangilio.

Siku ile. Chumba cha kuandikia. Mama mkwe amekaa kulia, mke wa mwanawe kushoto. Nikauliza, siku zako mara ya mwisho uliziona lini. Nikauliza tena. Mama mkwe akajibu yeye, akataja tarehe, akaitaja kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Nikamtazama msichana. Akainamisha macho. Niliona. Niliona alivyoinamisha, na doa la maziwa kifuani, kisha nikajisahaulisha. Mimi ni mtu wa huku huku, najua hedhi haitajwi mbele ya mkwe, najua mwanamke anayenyonyesha akishika mimba ataambiwa amembemenda mtoto, amemharibia maziwa, ataambiwa hana haya, hakuweza kumsubiri aliye ziwani akue. Najua damu hairudi mtu akinyonyesha. Najua kwamba tarehe ile haiwezi kuwapo. Ningemwambia mama mkwe atoke kidogo. Neno moja, mama, tupishe kidogo. Nikaona haya. Mimi, daktari, nikaona haya kumtoa mwanamke mzima chumbani. Na fomu ilikuwa na kisanduku, na kisanduku hakikubali kubaki kitupu. Nikaandika. Mkono wangu huu. Kisha kwa miaka ishirini na mitano nikawa najiuliza mtu anaanza kuwa mtu lini, nikaandikia vitabu, nikasafiri kuhutubia, na mwenye jibu alikuwa amenirushia teke usoni.

Alikaa pale muda ambao hauna kipimo. Huko juu walianza kumwita. Sauti ya mwenyekiti wa baraza ilishuka ngazini, yenye furaha na sambusa, ikisema wageni wanangoja. Alikuwa na njia mbili, na alizijua zote mbili, asije akasingiziwa baadaye kwamba hakujua. Angeweza kutia sahihi. Kabati lingeungua, unyayo ungeungua, jina lake lingechongwa, Havijawa angerudi mwakani akute daktari mwingine asiyejua hata habari ya kuku, na kila mtoto mdogo aliyekosewa tarehe angeendelea kulinganishwa na yule wa fremu nyeusi. Wangapi walikwisha linganishwa? Hilo hakulihesabu wakati ule, nalo lilikuja kumhesabu yeye baadaye. Au angeweza kupanda ngazi.

Alipanda, picha ya unyayo mkono mmoja. Akapita kwenye fremu nyeusi, akaitoa msumarini, akaishika mkono wa pili. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akapiga goti. Wageni kule mlangoni waligeuza shingo. Hawakuwa wamewahi kumwona amepungua urefu.

Havijawa alimuuliza swali lake, kwa kuwa ndilo alilokuja nalo. Zamda alimwomba wafuatane.

Wakaanza kushuka ujia pamoja, kutoka fremu ya thelathini kwenda kwenye kiza. Zamda alishika picha ya mia mbili kumi na tisa akaiweka kando ya ubongo wa thelathini, akamwonyesha: huyu ana mabonde, wako hana. Wakasogea. Ishirini na tisa, haifanani. Ishirini na nane, haifanani. Kadiri walivyoshuka ndivyo mabonde ya ukutani yalivyokuwa yakifutika, na mambo mengine pia yalikuwa yakifutika. Kwenye ishirini na saba mvi za Zamda ziliondoka. Kwenye ishirini na sita mgongo wa Havijawa ulinyooka, na ushungi wake ukawa mpya wenye harufu ya duka. Kwenye ishirini na tano daktari alikuwa na nywele za kusuka, na msichana aliyefuatana naye alikuwa na doa la maziwa kifuani, akilifunika kwa kiganja. Kioo cha fremu kiliwaonyesha sura zao juu ya ubongo wa mtoto, na kwa kitambo Zamda hakujua yupi kati ya wale wawili ni yeye. Alisema kimoyomoyo kwamba hapa ndipo angeweza kusema tupishe kidogo. Lakini mama mkwe hakuwapo, na ujia hauruhusu mtu kusema siku ile, unamruhusu kutazama tu. Ishirini na nne, karibu. Ishirini na tatu, karibu zaidi.

Kwenye ishirini na mbili alisimama. Akaweka picha ndogo kando ya kubwa. Hakukuwa na la kueleza. Walikuwa sawa kila upande, mtoto wa Havijawa na ile sura isiyo ya mtoto yeyote, sawa kwa umbo, sawa kwa ulaini, na ule mfereji mmoja mdogo wa ubavuni ulikuwa pale pale unapotakiwa uwe.

Havijawa alitazama muda mrefu. Hakuwa na elimu ya picha, lakini macho alikuwa nayo.

"Kwa hiyo hakuwa mgonjwa," alisema.

"Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mdogo."

Zamda akampa na ule unyayo. Akamweleza habari ya sentimita nne. Havijawa aliuweka kiganjani, akaufunika kwa kiganja kingine, akaufunua, akauweka tena. Kisha akasema jambo ambalo Zamda hakulitarajia, na ambalo nadhani hata Sumaku yenyewe isingeliona.

"Mimi nilijua tarehe si ile. Nilikuwa sijaona siku zangu tangu nimzae Kidawa, yule wa ziwani. Niliona haya mbele ya mama mkwe. Sikujua kama tarehe ni kitu, daktari. Nilidhani mnaona kila kitu humo."

Hapo ndipo Zamda alipolia. Hakulia kwa ustaarabu. Alilia kwa sauti, mbele ya baraza na wageni na soda zao, na maneno yalimtoka kwa kwikwi. Alimwambia asijitwishe. Alimwambia kwamba aliona alivyoinamisha macho, kwamba alikuwa mwanamke kama yeye na mtu wa huku huku kama yeye, akaelewa kila kitu, na bado akaandika. Alisema anaomba radhi, na hapo hapo akasema kwamba radhi ya jambo hili haina pa kuombewa. Havijawa hakusema amesamehe. Wala hakusema hajasamehe. Alimshika begani, kama unavyomshika mfiwa ambaye humjui vizuri, na msiba ni wenu wote wawili.

Ngwali alikuwa amewafuata kwa nyuma na karatasi yake. Zamda aliichukua, akaigeuza upande usioandikwa. Akaandika kwamba kabati lisichomwe, lifunguliwe, na kila mtoto aliyewahi kuitwa laini atafutwe unyayo wake. Akaomba na fomu ya mia mbili kumi na tisa. Ngwali alikuwa nayo mfukoni, mzee yule ana mifuko mingi. Kwenye kisanduku cha tarehe akakata namba zake mwenyewe za miaka ishirini na mitano, na juu yake akaandika neno ambalo kisanduku kile hakikuwa kimewahi kulipokea tangu nyumba ijengwe. Aliandika: sijui. Mwenyekiti wa baraza aliliona akiwa mbali. Alimwambia mchonga herufi akunje vyombo vyake, na mchonga herufi akavikunja.

Havijawa aliomba kuitundika picha mwenyewe. Hapakuwa na msumari, kwa hiyo aliitoa kwenye fremu yake nyeusi, akaichomeka kwenye pembe ya fremu ya ishirini na mbili, kati ya mbao na kioo, ikakaa. Unyayo hakuutundika. Aliutia ndani ya nguo, kifuani, upande ule ule uliokuwa na doa la maziwa.

Kisha akageuka, akaanza kurudi juu peke yake. Alisimama mbele ya fremu inayofuata, akaweka kidole kwenye kioo, akasema, "Ishirini na tatu." Akaitazama, mtoto alivyokuwa ameanza kujichora. Akasogea. "Ishirini na nne." Hakuharakisha. Kila wiki aliipa haki yake, akatazama kila bonde lilipoingia, kila mkunjo uliozaliwa pembeni ya mwenzake, akahesabu kwa sauti ya kawaida ya mtu anayehesabu nguo za kufua. Kwenye thelathini alipita pale palipokuwa na fremu nyeusi, pamebaki msumari mtupu, akaweka kidole hapo pia. Mvi zilimrudia njiani na mgongo ukamrudia, na hakuonekana kujali. Thelathini na tano. Thelathini na sita. Wageni walirudi nyuma kumpisha, mmoja akamwaga soda kwenye koti la mwenzake.

Zamda alibaki kule chini kwenye kiza, mkono umeegemea ukuta, akimsikiliza. Alitaka amfuate. Alijua kwamba hajaitwa.

"Arobaini," Havijawa alisema. Akafungua mlango, akashika kitu kifuani kwa mikono miwili, akatoka nacho nje kwenye jua. Kwenye sinia la plastiki palikuwa na saa nyingi za wageni, na zote zilikuwa zikitembea.